Kipimo cha Saa Nane Usiku

Tuseme ni saa nane usiku katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali ya Tenwek, kilimani, mwendo mfupi tu kutoka Silibwet. Nje ni baridi ya Bomet, ile inayomfanya mlinzi wa lango ajifunike blanketi hadi masikioni. Ndani amelala msichana wa miaka kumi na sita aliyebadilishiwa vali ya moyo mchana. Mfupa wa kidari umefungwa kwa waya, mirija inatoka chini ya kifua, mashine inampumulia. Muuguzi anachukua tone la damu, anasoma namba ya sukari: 13.2. Saa moja iliyopita ilikuwa 11.8. Anasogea kwenye pampu ndogo ya insulini, anaongeza kidogo, anaandika kwenye chati. Baada ya saa moja atarudia.

Asubuhi mama wa msichana, aliyekesha kwenye benchi akiwa amejitanda leso, anawasikia madaktari wakipita na neno "insulini" midomoni. Anamvuta muuguzi pembeni.

"Sista, kwani huyu naye ana sukari? Kwetu ni kogo, nyanya yake, peke yake aliye nayo."

"Hana, mama. Hii imeletwa na upasuaji. Itashuka."

Msichana huyu na mama yake ni wa kubuni, lakini swali la mama limewahangaisha madaktari kwa zaidi ya miaka mia moja. Sukari ya mtu asiye na kisukari hupandaje? Na ikishapanda, ishushwe hadi wapi? Jibu la swali la pili limebadilika mara tatu katika maisha ya watu ambao bado wako hai, na kila lilipobadilika kuna waliopona na kuna waliozikwa.

Wa kwanza kuligusa alikuwa Claude Bernard, Mfaransa aliyewapasua wanyama kwa ukatili ambao leo ungempeleka mahakamani. Mwaka 1849 alimchoma sungura sindano chini ya ubongo, mahali mahususi, na baada ya muda mfupi mkojo wa sungura yule ukawa na sukari. Kongosho lake lilikuwa zima. Hakuwa mgonjwa wa kisukari, alikuwa ameumizwa. Bernard ndiye aliyeonyesha pia kwamba ini lina ghala la sukari, na baadaye akaona kwamba mnyama anayevuja damu nyingi hupandisha sukari. Mwili uliojeruhiwa hufungua ghala. Mtu anayekimbizwa na fisi anahitaji mafuta ya kukimbilia, na ini halina njia ya kujua kwamba safari hii aliyeshika kisu ni daktari.

Zaidi ya miaka sabini baadaye, tarehe 11 Januari 1922, mvulana wa miaka kumi na nne aitwaye Leonard Thompson alidungwa huko Toronto dawa iliyotolewa kwenye kongosho za ng'ombe. Dawa ilikuwa chafu na haikumsaidia sana. James Collip akaisafisha, na siku kumi na mbili baadaye mvulana akadungwa tena, sukari ikaporomoka. Frederick Banting na J. J. R. Macleod walipewa Tuzo ya Nobel mwaka uliofuata. Tangu siku hiyo binadamu akawa na nguvu ya kushusha sukari ya binadamu mwenzake. Akili ya kujua aishushe kiasi gani ilichelewa kwa miaka themanini.

Wakati huo, upande wetu wa dunia, madaktari wa kikoloni walikuwa wakiandika kwamba kisukari na maradhi ya aina yake hayamhusu Mwafrika. Mwaka 1929 C. P. Donnison, daktari aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, upande wa Kisii, ng'ambo tu ya mpaka wa Wakipsigis, alichapisha makala katika jarida la Lancet akisema kwamba miongoni mwa wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa kwake hakukuta hata mmoja mwenye shinikizo la damu. Mwaka huo huo Hugh Trowell aliingia Kenya. Baadaye akafundisha katika hospitali ya Mulago, Uganda, na miaka thelathini ya kazi yake ilimfunza jinsi magonjwa ya aina hiyo, kisukari kikiwemo, yalivyokuwa nadra na jinsi yalivyoanza kuongezeka. Siwalaumu kwa walichokiona. Ila macho yaliyotafuta maradhi ya kizungu kwa watu wenye njaa na malaria yalikuwa rahisi kupitwa na mtoto wa miaka kumi anayehema kwa kupanda mlima wa kwenda shule. Huyo alikuwa na ugonjwa wa moyo, tena mkubwa. Ulianzia kooni.

Niueleze kidogo, maana ndio uliojenga thieta ya moyo karibu na Silibwet. Mtoto anaumwa koo, bakteria aina ya streptokoka. Koo linapona kwa chai ya tangawizi na subira. Lakini askari wa mwili, waliofunzwa kumtambua adui yule, wanaichanganya sura yake na ya viungo na vali za moyo, wanashambulia nyumba yao wenyewe. Ndiyo homa ya rumatiki. Ikirudi mara mbili, mara tatu, vali zinakakamaa na kushikana, mlango wa moyo haufunguki vizuri au haufungi. Hupenda nyumba zenye watoto wengi chumba kimoja na zahanati iliyo mbali. Penisilini inaweza kuuzuia, lakini vali ikishaharibika, penisilini haiitengenezi. Hapo ni kisu.

Na kisu hakikuwepo. Mwaka 1937 wauguzi wa misheni ya World Gospel Mission walifungua zahanati pale Tenwek, juu ya maporomoko ya mto Nyangores. Kwa miaka zaidi ya ishirini hapakuwa na daktari wa kudumu. Wa kwanza, Ernest Steury kutoka Indiana, alifika mwaka 1959 na kwa miaka mingi alikuwa peke yake: akizalisha, akikata, akiunga mifupa, akitibu walioumwa na chui na walioumwa na waume zao. Umeme wa uhakika ulikuja katika miaka ya 1980, baada ya maji ya Nyangores kuelekezwa kwenye mitambo. Naitaja mitambo hiyo kwa makusudi. Mtu anayesoma historia ya upasuaji wa moyo hukutana na majina ya madaktari tu, kana kwamba mashine inayozungusha damu ya mgonjwa huendeshwa kwa maombi.

Mashine yenyewe ilizaliwa Philadelphia. Tarehe 6 Mei 1953 John Gibbon alimfungua kifua msichana wa miaka kumi na minane aliyekuwa na tundu kati ya vyumba vya juu vya moyo. Kwa dakika 26 moyo na mapafu ya msichana havikufanya kazi, mashine ilifanya kwa niaba yao. Alipona. Wagonjwa wengine wa Gibbon walikufa, naye akavunjika moyo akaacha kuitumia, wengine wakaiendeleza.

Mashine za mwanzo zilikunywa damu kama mlevi. Kabla hazijaunganishwa na mgonjwa ilibidi zijazwe, na zilijazwa damu ya watu wengine, chupa baada ya chupa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Nazih Zuhdi, mzaliwa wa Beirut aliyefanya kazi Oklahoma, akathubutu kuzijaza maji yenye sukari, dekstrosi ya asilimia 5, badala ya damu. Denton Cooley wa Houston naye akafanya hivyo. Ilikuwa hatua kubwa: upasuaji haukusubiri tena foleni ya wachangia damu. Lakini tazama kilichotokea kwa jicho la leo. Mgonjwa tayari ameumizwa, ini limefungua ghala. Amepoozwa mwili hadi baridi, na katika baridi kongosho hutoa insulini kidogo, na hata hiyo kidogo hutii kwa uvivu. Homoni za mshtuko, adrenalini na kotisoli, zimejaa kwenye damu. Halafu juu ya yote hayo anamiminiwa maji ya sukari. Namba zilipanda juu sana, na hakuna aliyejali. Sukari iliyopanda wakati wa upasuaji ilichukuliwa kama jasho la mkimbiaji: ishara ya kazi, itakauka yenyewe. Wengine hata waliamini kwamba inausaidia moyo.

Aliyejali alitokea Portland, Oregon, na njia iliyomfikisha hapo ni ndefu kidogo.

Mwaka 1958 mzee mmoja mhandisi, Lowell Edwards, aliyetajirika kwa uvumbuzi wa mitambo, alimwendea daktari kijana aitwaye Albert Starr akitaka watengeneze moyo wa bandia. Starr akamwambia tuanze na vali. Wakatengeneza kitu kilichofanana na mpira uliofungiwa ndani ya kizimba kidogo cha chuma: damu ikisukuma, mpira unaruka, damu inapita, damu ikitaka kurudi, mpira unaziba. Septemba 1960 waliiweka kwa mtu wa miaka 52 aliyekuwa karibu kufa, vali yake ikiwa imeharibiwa na homa ile ile ya rumatiki. Aliishi miaka kumi zaidi, na kilichomuua hakikuwa moyo: alianguka kutoka kwenye ngazi akipaka nyumba rangi. Kila vali ya chuma iliyowahi kuingia kifuani mwa mtoto wa Bomet ina ukoo unaorudi kwa mpira ule wa Portland.

Jina la Starr linarudi miaka karibu arobaini baadaye, katika hospitali ya mji huo huo, chini ya makala inayohusu sukari. Mwandishi wake mkuu ni Anthony Furnary. Walichokuwa wakikiogopa ni kidonda. Kidari kikipasuliwa kisha kikaingia usaha, mfupa unaoza, waya zinaachia, na mgonjwa aliyepona moyo anakufa kwa kifua. Wenye kisukari ndio waliopatwa zaidi. Desturi ilikuwa kuwadunga insulini chini ya ngozi kila baada ya saa kadhaa, kufuatana na namba, na namba ilikwenda juu na chini kama matatu kwenye barabara ya Merigi. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 Portland walibadilisha: insulini iende moja kwa moja mshipani, mfululizo, kwa dripu, na sukari ipimwe tena na tena. Lengo la mwanzo halikuwa la ubabe, miligramu 150 hadi 200 kwa desilita, kipimo cha Kimarekani; namba nyingine hapa ni milimoli kwa lita. Walikuja kulishusha hatua kwa hatua.

Matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Kati ya wagonjwa 968 wa desturi ya zamani, 19 walipata usaha wa kidari, asilimia 2. Kati ya 1,499 waliowekewa dripu, walikuwa 12, asilimia 0.8. Haukuwa utafiti wa kura, ulilinganisha kipindi na kipindi, na mkosoaji angeweza kusema mengi mengine yalibadilika katika miaka hiyo. Hata hivyo daktari yeyote aliyewahi kusafisha kidari chenye usaha aliisoma makala ile mara mbili. Maelezo yake pia yaliingia akilini: seli nyeupe zikielea katika damu tamu huwa goigoi, haziwakimbilii wadudu wala haziwamezi vizuri.

Basi sukari ikawa adui rasmi. Na watu wakishapewa adui, hawajui kumpiga kidogo.

Mwaka 2001, kutoka Leuven huko Ubelgiji, Greet Van den Berghe na wenzake walitangaza habari iliyotikisa vyumba vya wagonjwa mahututi duniani kote. Waliwachukua wagonjwa 1,548, wengi wao, zaidi ya nusu, wametoka kupasuliwa moyo, wakawagawa kwa kura. Kundi moja sukari iliachwa hadi karibu 10 au 11. Kundi la pili ilibanwa ikae kati ya 4.4 na 6.1, sawa na mtu mzima mwenye afya aliyeamka hajanywa chai. Vifo katika chumba cha mahututi vilishuka kutoka asilimia 8.0 hadi 4.6. Dawa mpya zenye bei ya shamba zima hazijawahi kufanya hivyo, na hii ilikuwa insulini, kitu cha mwaka 1922!

Hospitali zikakimbilia 4.4 hadi 6.1. Ziliandika miongozo, zikabandika chati ukutani, zikawahesabia wauguzi alama. Wachache waliuliza maswali ambayo mama wa pale kwenye benchi angeyauliza. Je, wagonjwa wa Leuven walikuwa wanakula nini? Jibu ni kwamba walimiminiwa glukosi mshipani, gramu 200 hadi 300 katika siku ya kwanza, jambo ambalo hospitali nyingi hazifanyi. Mtu unayemjaza sukari kwa mkono wa kushoto hufaidika ukiitoa kwa wa kulia. Je, walipima kwa nini? Kwa damu ya ateri, kwenye mashine nzuri ya maabara iliyo hapo hapo chumbani. Je, muuguzi mmoja aliangalia wangapi?

Onyo la kwanza katika upasuaji wa moyo wenyewe lilitoka kliniki ya Mayo, Marekani, mwaka 2007. Wagonjwa 400, nusu sukari ikabanwa vikali tangu wakiwa mezani kifua kiko wazi. Faida haikuonekana. Waliobanwa, wanane walipata kiharusi, upande wa pili mmoja.

Kisha mwaka 2009 yakaja majibu ya utafiti ulioitwa NICE-SUGAR, wa Australia, New Zealand na Amerika Kaskazini: wagonjwa mahututi 6,104 wa kila aina. Waliobanwa kati ya 4.5 na 6.0 walikufa zaidi, asilimia 27.5 ndani ya siku 90, dhidi ya asilimia 24.9 ya walioachwa hadi chini ya 10. Na sukari ikashuka vibaya, chini kabisa, kwa asilimia 6.8 ya waliobanwa, dhidi ya nusu ya asilimia moja upande wa pili.

Mtu aliye macho sukari ikimshuka hutetemeka, hutoka jasho, husema maneno ya ajabu, na jirani humpa soda. Aliyelala kwa nusukaputi hatetemeki. Hasemi. Ubongo unakula akiba yake kimya kimya, na muuguzi anaona uso uliotulia. Hii ndiyo sababu sukari ya 3 usiku inatisha kuliko ya 13. Ya 13 inamharibu mtu kwa siku, ya 3 ikiendelea kushuka humharibu haraka zaidi.

Mwaka huo huo wa 2009, chama cha wapasuaji wa kifua cha Marekani kilitoa mwongozo wake: usiiache ipite 10, usiibane kama Leuven. Wenyewe wa Leuven hawakukimbia. Walirudia upya, safari hii bila kuwamiminia wagonjwa lishe ya mshipani mapema, wagonjwa 9,230, na mwaka 2023 wakakiri hadharani kwamba kuibana sana hakukuwatoa watu mahututi mapema zaidi. Nawaheshimu zaidi kwa makala hii ya pili kuliko ile ya kwanza.

Sasa turudi kilimani, maana huko nako miaka ile ile kulikuwa na jambo linafanyika.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 alifika Tenwek mpasuaji Mmarekani, Russell White, aliyekuwa na ujuzi wa kifua. Kilichomsubiri kwanza kilikuwa saratani ya umio, ambayo Bomet na Kericho zinaijua kwa uchungu: mzee anashindwa kumeza kimyet, yaani ugali, kisha uji, kisha mate. Kifua kikafunguliwa pale kwa sababu ya umio kabla hakijafunguliwa kwa sababu ya moyo. Lakini wale watoto wa vali walikuwa wamejaa wodini wakati wote, midomo ya bluu, miguu imevimba, wakipewa vidonge vya kukojoa na kurudishwa nyumbani. Aliyetaka vali alielekezwa Nairobi, zaidi ya kilomita 200, au India, kwa fedha ambazo harambee tatu hazifikishi. Kuelekea mwisho wa muongo wa kwanza wa karne hii, timu za wageni zikaanza kuja na vifaa vyao kwa wiki moja au mbili, moyo ukafunguliwa pale pale. Wageni wakaondoka, wakarudi, kisha polepole kazi ikawa ya wenyeji: wapasuaji wa Kiafrika wakafunzwa humo humo, wataalamu wa mashine, wauguzi wa mahututi, na katika miaka ya 2020 kikajengwa kituo kizima cha moyo na kifua.

Angalia tarehe. Moyo unafunguliwa karibu na Silibwet wakati NICE-SUGAR inaelekea kuchapishwa. Tumezoea kulalamika kwamba kila kitu hutufikia kimechelewa, na mara nyingi ni kweli, na watu wamekufa kwa kuchelewa huko. Lakini kwa jambo hili moja kuchelewa kulitukuta na bahati. Ile miaka minane ya wazimu wa 4.4 ililipiwa na wagonjwa wa Ulaya, Marekani na Australia. Msichana wetu wa kubuni alizaliwa baada ya deni kulipwa.

Hata hivyo namba 10 iliyoandikwa na Wamarekani haisafirishwi kama gunia la mbolea, ukaifungua ukaimwaga. Waliofanyiwa utafiti Portland walikuwa wazee wenye kisukari, mishipa ya moyo imeziba. Wa hapa, kwa sehemu kubwa, ni vijana wembamba wenye vali mbovu. Wengi wamekuwa wagonjwa muda mrefu, ini limevimba kwa damu iliyorudi nyuma, misuli imeisha. Ini la namna hiyo ghala lake ni dogo. Sukari ya kijana huyu yaweza kupanda mezani kama ya mtu yeyote, kisha saa kumi usiku ikaanguka ghafla, kwa sababu akiba imekwisha na insulini bado inatiririka. Dripu ya insulini isiyo na mtu wa kuipima kila saa ni hatari kuliko sukari yenyewe.

Halafu kuna kipimo chenyewe. Kile kidude cha mkononi chenye stripi, ambacho siku hizi hata kogo anacho kabatini, kilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayetembea. Mgonjwa aliyetoka kwenye mashine ya moyo damu yake imechanganyika na maji, chembe nyekundu ni chache, na stripi nyingi katika damu nyepesi husoma juu kuliko ukweli. Vidole navyo ni baridi, damu haifiki vizuri. Kidude kinasema 11, kumbe ni 9. Muuguzi anaongeza insulini kwa sukari ambayo haipo. Ndiyo maana katika saa za mwanzo damu huchotwa kwenye mrija wa ateri na kupelekwa kwenye mashine ya gesi za damu, pale ilipo na pale kemikali zake hazijaisha. Hii ni gharama, na gharama hiyo hurudiwa kila saa.

Na kuna potasiamu. Insulini ikiingiza sukari kwenye seli, huiburuta potasiamu nayo. Damu ikipungukiwa potasiamu, moyo uliotoka kushonwa leo asubuhi huanza kuruka ovyo. Kwa hiyo muuguzi anayepima sukari anapima na potasiamu, na anayeongeza ya kwanza anawaza ya pili. Ukimwona usiku amesimama mbele ya pampu kwa dakika nzima bila kugusa kitu, hajasinzia.

Wenye kisukari chao cha nyumbani nao wameanza kufika, wazee wa vijiji vya majani chai. Wengine hugundulika siku ya kliniki, walikuja kwa moyo wakakutwa na sukari. Kwao kuna kipimo kinachosoma miezi mitatu nyuma kwa kutazama sukari iliyoganda kwenye hemoglobini, jambo lililofumbuliwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na Samuel Rahbar, Muirani, huko Tehran. Mzee anaweza kuacha chai ya sukari siku mbili kabla ya kliniki ili namba ipendeze, hiki hakidanganyiki. Kikiwa juu sana, na moyo unaweza kungoja, ni bora ungoje wiki kadhaa dawa irekebishwe, kuliko kulipia kwa kidari.

Kwa msichana wetu hakuna haja ya kungoja. Siku ya pili mashine ya kupumulia inatolewa. Adrenalini ya dripu inapunguzwa, na kadiri inavyopungua sukari nayo inateremka: 9.4, 8.1, 7.0. Insulini inazimwa. Ini limetambua kwamba fisi ameondoka. Siku ya nne anakaa kitandani, anakataa uji wa hospitali, anauliza kama mama ameleta mursik, maziwa ya kwao.

Siku ya kurudi nyumbani mama anapokea karatasi. Amejiandaa kwa jambo moja, na analiuliza kabla hata hajakaa.

"Sasa chai yake, sista? Niweke sukari ama niache?"

"Weka tu, mama. Hiyo imeisha. Nitampima tena akija kliniki, basi. Nisikilize haya mengine." Na muuguzi anaanza kuhesabu kwa vidole: kidonge cha kuzuia damu isigande kwenye vali, kila siku, saa ile ile, maisha yake yote, damu ipimwe alivyoandikiwa, saga na managu ale, ila kiasi kile kile kila wiki, asile rundo leo na kesho asiguse, maana mboga za majani hushindana na kidonge kile. Ile sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, hata akijisikia mzima, hata mvua ikinyesha. Kung'oa jino, aseme kwanza ana vali. Akiolewa, aje waongee kabla ya mimba.

Mama anarudia yote kwa Kikipsigis, taratibu, akimwangalia binti yake usoni ili waikumbuke wawili. Kisha wanateremka kilima kuelekea stendi ya Silibwet. Binti anatembea mbele, na ni mama anayesimama kuvuta pumzi.